Pale Ilipokuwa Mashine ya Lusenge

Jumatatu, 4 Septemba 2000. Butembo

Shule imefunguliwa, na mvua imefunguliwa nayo. Darasani wamefika kumi na tisa kati ya hamsini na wawili, wengine wanangoja anga inyamaze. Nimefundisha mito ya Kongo huku mto mwingine ukiingia chini ya mlango, na hakuna aliyecheka, hata mimi.

Daftari hili ni la mahudhurio. Kwa kuwa hakuna mkaguzi atakayekuja kulitazama, nitaandika humu mambo yangu mpaka mvua za mwaka huu ziishe. Naandika kwa Kiswahili. Kifaransa ni cha wakaguzi, na Kiluba ni cha mama yangu.

Mimi ni Ngalula, mwalimu wa jiografia, mtu wa Kananga. Serikali ilituleta hapa mwanzoni mwa 1996, mimi na mume wangu Ilunga, sote walimu. Binti yetu Shekinah alikuwa na miaka mitano. Tulimwacha kwa mama yangu, tukasema tutakwenda kumchukua likizo kubwa. Vita vikatangulia likizo. Mwaka uliofuata Ilunga akafa kwa ugonjwa wa ini. Sasa Kananga iko upande wa Kinshasa, Butembo iko upande wa waasi, na mshahara wa Serikali haujui njia ya kuvuka. Shekinah ana miaka tisa.

Ndiyo maana nikitoka shuleni nabeba barua. Phonie ya parokia, redio ya kuongelea na watu wa mbali, ilichukuliwa na askari tangu mwezi wa pili, zimebaki karatasi. Barua za watu waliokatiwa njia na vita zinazunguka Nairobi na Kampala, zinaingia mpakani Kasindi, zinachambuliwa Beni, kisha za huku zinaletwa katika bureau iliyo nyuma ya sakristia, kwa Mama Florentine. Yeye anatugawia sisi wabebaji wawili: mimi, na Papa Kasonia aliyekuwa mtu wa posta enzi posta ilipokuwa posta. Malipo ni sabuni. Mimi nabeba ili barua yangu ikija niwe karibu na mfuko. Ya mwisho kutoka kwa mama niliipata mwezi wa kwanza.

Alhamisi, 7 Septemba

Mususa. Barua sita za mtaa huu, nimefikisha mbili.

Nyumba za hapa hazina namba. Mtu anaandika: "Kwa Kavira, nyuma ya seremala, ukiona mikaratusi miwili shuka." Watoto wa hapa wanapewa majina kwa zamu ya kuzaliwa, kwa hiyo kila nyumba ina Kavira wake. Na maseremala nimehesabu kumi na mmoja katika barabara moja, kila mmoja amepanga vitanda upande wa kulia na masanduku ya maiti upande wa kushoto. Nimewauliza wote. Wa tisa aliniambia Kavira ninayemtafuta alihamia Beni. Wa kumi alinielekeza nyumbani kwake, na alikuwapo, akitwanga sombe, majani ya muhogo.

Ijumaa, 8 Septemba

Mvua. Hakuna kitu.

Alhamisi, 14 Septemba

Leo Papa Kasonia amenikasirisha. Nilikuwa na barua ya Mzee Mathe wa mtaa wa Vulamba, nikamwomba njia. Akasema niende mpaka kwenye mti wa avoka, nipinde. Nimepita barabara ile mara tatu. Nimewapita fundi wa redio aliye chini ya mwavuli uliochanika, wanawake wa samaki wakavu, vijana wa chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukuma, wanaoteremka na kabichi wakifunga breki kwa kisigino. Mti wa avoka sikuuona. Saa kumi nimemkuta Papa Kasonia mwenyewe njiani, nikamvuta mkono anionyeshe. Akasimama mbele ya duka la misumari.

"Njo hapa."

Nimemwuliza mti uko wapi.

"Balishaukataka. Mais njo hapa."

Ulikatwa miaka miwili iliyopita, lakini ndipo hapa hapa. Anasema hivyo bila haya. Mzee Mathe alikuwa anakaa nyuma ya duka lile, hatua ishirini, nami nilikuwa nimelowa mpaka mifupani. Mtu huyu anajua mji mzima, lakini mji wenyewe haupo.

Jumatano, 20 Septemba

Kizuizi kipya kwenye barabara ya sokoni. Askari mmoja, kijana wa upande wa Équateur, ameamuru nimsomee barua zote kwa sauti, kwa usalama, anasema. Nimemsomea ya kwanza: mbuzi amezaa pacha, shangazi amevunjika mguu, mtusalimie Lusenge mdogo. Akatulia. Akataka ya pili. Nilipomaliza zote tano akauliza kwa Kilingala, taratibu, "Mama, ya nga eza te?" Ya kwake haikuwemo. Nimemwambia sina hata mimi. Ameinua kamba nikapita.

Jumanne, 26 Septemba

Mvua tangu asubuhi. Viatu vimefunguka mbele.

Jumanne, 3 Oktoba. Kipese

Mama Florentine amenituma Kipese, kwenye milima ya Lubero, nimepanda juu ya lori la viazi lililorudi tupu. Baridi huko haina mchezo. Barua moja tu: kijana aliyekwama Kisangani anamwandikia mama yake, Hulda, "kwenye nyumba ya bati." Kumbe mlima mzima sasa una mabati. Nimeanza chini, nikapanda mlango kwa mlango kati ya mashamba ya ngano, mpaka nimefika juu kabisa kwenye kibanda cha nyasi, na humo ndimo alimokuwa Hulda. Yake ilikuwa ya kwanza kuezekwa kwa bati katika mlima ule. Waporaji walikuja wakayabandua mabati yote, na nyumba ya bati ndiyo pekee iliyorudia nyasi.

Nimemwambia, kwa hasira kidogo kwa kuwa miguu ilikuwa inawaka moto, kwamba mwanawe angeandika vizuri zaidi. Akaishika barua kifuani.

"Mutoto aliandika muzuri. Anajua nyumba yake."

Akanipa viazi vya kuchemsha na nikavila vyote. Nimelala kwenye parokia ya huko.

Jumatano, 11 Oktoba

Leo nimefanya kazi ya akili, si ya miguu. Nina homa kidogo, na vidole viwili vimeoza kwa maji. Nimekaa kwenye bureau ya Mama Florentine nikaandika orodha ya alama zote ambazo hazipo tena katika mji huu na pembezoni mwake. Nimepata thelathini na moja. Juu nimeandika: "Alama zilizokufa. Barua yenye alama hizi isitumwe kwa mbebaji, iwekwe kando mpaka mwenyewe ajitokeze." Mti wa avoka umo. Baa ya Simba, iliyoungua, imo. Kibao cha posta kimo. Namba moja ni mashine ya unga ya Lusenge, Vulamba. Askari walibeba injini mwaka 1998, mvua ikamaliza kuta, imebaki sakafu ya saruji ambapo Falonne anauza makala, makaa ya kupikia. Nilikaa nyuma ya mashine hiyo miaka mitatu kabla kodi haijanishinda nikahamia Mususa, kwa hiyo ninajua ninachokisema.

Mama Florentine amefurahi, amesema kweli jiografia ni elimu. Amepiga muhuri, na nakala imekwenda Beni kwa Vagheni, dada anayechambua mifuko huko. Nilimpa Papa Kasonia aisome naye aweke sahihi. Ameitazama sana, kisha akasema amesahau miwani nyumbani. Papa Kasonia havai miwani.

Alhamisi, 12 Oktoba

Nimelala mchana wote. Raha.

Jumatatu, 30 Oktoba

Mfuko kutoka Beni umekuja mwepesi. Sehemu yangu barua nne tu, na zote nne nimezifikisha kabla ya saa tisa. Zamani zingekuwa kumi na mbili na ningerudi na nane. Mama Florentine amenisifu mbele ya padre. Nimepitia sokoni kama mtu mwenye nafasi, nikasimama kutazama wafinyanzi, nikanunua limau. Butembo ina uzuri wake mtu asipokuwa anaitafuta. Moshi wa tanuru za matofali unakaa chini ya ukungu, na wamama wa soko wanakunja maturubai kila mvua inapoanza na kuyakunjua kila inapoacha, mara sita kwa siku, bila kulalamika. Mimi ningelalamika.

Papa Kasonia hanitanii tena. Anasalimu, anachukua barua zake mbili, anaondoka.

Mama bado hajaandika. Tangu mwaka jana nimemtumia anwani yangu mpya ya Mususa mara tatu: nyumba ya nne juu ya dispensari, dirisha la kijani. Dispensari ipo, dirisha lipo. Sasa ni zamu yake.

Alhamisi, 2 Novemba. Siku ya marehemu

Nimekwenda makaburini na jembe na maua ya njano kumsafishia Ilunga, na sikumpata.

Nilimzika chini ya mikaratusi mitatu. Msalaba wake ulikuwa wa mbao, nilijua utaoza, lakini nilijiambia mikaratusi haiozi. Mwaka jana sikuja kwa sababu ya risasi. Leo hakuna hata mmoja. Askari walikata mlima wote kwa kuni, kilichobaki ni visiki na vichuguu vya udongo, na familia za watu zimejaa kila upande zikipalilia wafu wao huku zikiongea. Mimi nilizunguka na maua yangu kama mtu aliyepoteza mbuzi. Nimekaa kwenye kisiki, nikalia. Nimeandika jambo hili kwa kuwa ni kweli.

Papa Kasonia alikuwa kwa mke wake, upande wa chini. Ameniona, akaja. Ametembea kati ya visiki, akisema peke yake, hapa palikuwa na njia ya maji, hapa kulikuwa na lile kaburi la vigae, hapa ile mikaratusi mitatu. Akasimama.

"Bwana yako njo huyu."

Tulipofyeka tukaona ubao wa chini wa msalaba, na herufi mbili za mkono wangu mwenyewe. Tumesafisha pamoja. Nikiwa pale nimekumbuka jinsi Ilunga alivyopenda kunieleza njia ya kwa kaka yake Xavier, Lubumbashi, mahali ambapo sijawahi kufika: unashuka kwenye reli, unatafuta tangi la maji lililoinama, unahesabu nyumba tatu, mlango usio na kitasa. Nilimwambia huyo si mtu wa kutembelewa, huyo ni fumbo. Alicheka sana.

Nimemshukuru Papa Kasonia kwa Kinande, wasingya, neno ninalolijua. Orodha yangu hakuna aliyeitaja.

Alhamisi, 9 Novemba

Risasi upande wa juu. Shule imefungwa.

Ijumaa, 10 Novemba

Leo pia.

Jumamosi, 11 Novemba

Leo pia. Nimekula limau na chumvi.

Jumanne, 21 Novemba

Njia ya Beni imefungwa siku kumi na mbili. Hakuna mfuko. Tumeketi kwenye bureau, Mama Florentine anashona, mvua inapiga bati, na nikamwuliza Papa Kasonia wazi kwa nini alikataa kuweka sahihi. Amenijibu polepole, kama anayemwogopea mtu.

"Madame, weye uliandika muji ile iko. Ni muzuri. Mais nani anaandikaka barua? Ni mutu alikimbia, ao mutu vita ilikatia njia. Mu kichwa yake ile muti ingali inasimama. Anaandikia muji ile aliachaka, haiko hii yetu. Miye nikisahau ile muji, huyu mutu ataandikia nani?"

Mama Florentine ameacha kushona. Mimi nilitaka kusema kitu cha kitaalamu kuhusu ramani, ndipo nikamkumbuka mama.

Mama anajua Butembo moja tu, ile niliyomweleza mwaka 1996. Anwani yangu mpya nimeituma mara tatu, ndiyo, lakini nani ameniambia zilifika? Kama hazikufika, mama ataandika kama alivyoandika siku zote, nyuma ya mashine ya Lusenge. Na mashine ya Lusenge ni namba moja kwenye orodha yangu. Nimeiandika kwa mkono huu, kwa wino mzuri, nikapiga mstari chini.

Nimewaambia. Mama Florentine amefanya ishara ya msalaba. Papa Kasonia amesema njia ikifunguka tutakwenda Beni wote wawili. Angeweza kunilaumu.

Jumatano, 22 Novemba

Njia imefungwa.

Jumatatu, 27 Novemba

Njia imefungwa. Mvua imechukua daraja dogo, eti. Mwingine anasema daraja lipo, Mai-Mai, wapiganaji wa msituni, ndio wapo. Nimefundisha darasa la nne namna ya kusoma ramani, na nilisikia aibu.

Jumamosi, 2 Desemba

Njia imefungwa.

Jumatano, 6 Desemba. Beni

Tumefika. Tumepanda lori la mbao asubuhi, Papa Kasonia mbele kwa dereva kwa heshima ya mvi, mimi juu na wanawake wa maharage. Kila mahali amekuwa akitoa mkono dirishani kunionyesha. Daraja halikuondoka. Kijijini Maboya maduka yalichomwa, na wanawake wanauza ndizi mbele ya kuta nyeusi kana kwamba kuta zilikuwa hivyo tangu mwanzo. Kwenye mteremko wa Kabasha tumeshuka wote kutembea, matope mpaka magotini, na kutoka juu unaona bondeni msitu unavyoanza na hewa inavyobadilika. Vizuizi vitano. Katika cha nne wamechukua sabuni yangu ya Novemba.

Beni kuna joto na vumbi jekundu hata msimu wa mvua. Mzunguko wa barabara umejaa waendesha baiskeli wanaongoja abiria, malori yenye magogo, askari wanaokunywa soda kwa mirija. Siku nyingine ningetazama. Leo nilimfuata Papa Kasonia kwa hatua za haraka mpaka parokia.

Vagheni ni dada mpole, mwandiko wake umenyooka kama wa mtawa. Amefurahi kuniona, amenishika mikono yote miwili, Madame Ngalula wa ile orodha. Amesema kazi imekuwa nyepesi sana. Akaenda kabatini akarudi na katoni ya sabuni, juu yake ameandika: "Alama zilizokufa." Hakuruka hata moja. Alifanya kila nilichomwambia.

Barua thelathini na nane. Nimezichukua moja moja, Papa Kasonia ameketi kando yangu akizisoma kwa kunong'ona: avoka, Baa ya Simba, avoka, kibao cha posta, nyumba ya bati. Ya ishirini na tatu ilikuwa na mwandiko wa mama. "Kwa Mama Shekinah, mjane wa Ilunga, nyuma ya mashine ya Lusenge, Butembo." Mama hajalitaja jina langu tangu nilipozaa, kwetu mzazi anaitwa kwa mtoto wake, na Vagheni angejuaje. Chini yake muhuri wa Beni: 19 Oktoba. Orodha yangu ilikuwa na siku nane tu.

Sikuweza kuifungua pale. Niliitia ndani ya daftari hili. Vagheni aliuliza kama amekosea. Nimemjibu hapana, hukukosea, nimekosea mimi.

Alhamisi, 7 Desemba. Beni

Nimeifungua alfajiri, kwenye ngazi za kanisa. Naitafsiri hapa kutoka Kiluba, sehemu yenye kitu.

"Mama Shekinah, nimekuandikia mara mbili na hujibu. Miguu yangu imevimba, siendi tena sokoni. Xavier alikuja kwa treni. Anasema mtoto ni wa upande wa baba, na wewe kwa ukimya huu umekwisha kufa ao umeolewa huko. Nimemwambia mwanangu hajafa. Amesema atarudi Noeli kumchukua, ampeleke Lubumbashi. Mtoto hataki. Nikipata neno lako lenye mkono wako, nitamwonyesha, na atanisikia. Nisipolipata sina nguvu ya kumzuia. Andika."

Ndani mlikuwa na karatasi ya pili. Shekinah amenichorea njia ya kutoka stesheni ya Kananga mpaka nyumbani kwa bibi, ili nisipotee nikija. Amechora stesheni, kisha duka la mikate la Mgiriki, kisha pampu ya maji yenye mkono mrefu, kisha mwembe wa Tshiela, kisha nyumba na watu wawili mlangoni. Duka la mikate lilifungwa mimi nikiwa na mimba yake. Pampu iling'olewa kabla hajajua kutembea. Amechora vitu ambavyo hajawahi kuviona, jinsi bibi yake anavyomweleza. Na mimi nikivitazama nimejua kila hatua ya njia ile.

Nimemwonyesha Papa Kasonia. Ameishika mbali na uso, kama mtu mwenye miwani iliyosahauliwa kweli.

"Huyu mutoto anafaa ku kazi yetu."

Nimecheka, halafu nimelia tena. Barua inachukua miezi miwili. Noeli ni baada ya siku kumi na nane.

Jumanne, 12 Desemba. Butembo

Barua thelathini na saba zimebaki, na tumeapa kuzifikisha zote. Orodha yangu nimeichana mbele ya Mama Florentine, na Vagheni amechana ya kwake. Natembea na Papa Kasonia, simwachi hatua. Mti wa avoka: tatu. Baa ya Simba: mbili. Kila mara anasimama mahali patupu, anatazama kidogo, kisha anabisha mlango sahihi. Miguu imevimba kama ya mama.

Ijumaa, 15 Desemba

Ya Tamar ningeomba nisiibebe mimi, lakini nimeibeba. Anakaa palipokuwa kibao cha posta, anauza mandazi. Mume wake alikwama Kindu tangu 1998. Mwezi uliopita jamaa walikata tamaa, wakakalia matanga siku tatu, Tamar akanyoa nywele. Barua ni ya mume, ya mwezi wa tisa: ni mzima, anafyatua matofali, anangoja njia. Ilifika Beni wiki mbili kabla ya matanga.

Amesoma amesimama, kichwa chake kikianza kuota vinyweleo. Hakupiga kelele. Aliniuliza tu, "Barua ilikuwaka wapi?"

Nimemwambia ilikuwa kwangu. Ningeweza kusema Kasindi, ao vita, na angeamini, kila mtu anaamini vita. Nimemweleza orodha yote mpaka mwisho. Amekunja barua akaifunga kwenye ncha ya kitenge. Kisha ameniwekea mandazi mawili kwenye karatasi, akageuka kuhudumia mteja. Nimerudi nayo nyumbani, sijaweza kuyala.

Jumapili, 17 Desemba

Mvua haikunyesha. Zimebaki barua sita.

Jumatatu, 18 Desemba

Padre mmoja wa Beni anaondoka kesho kwa Kampala na Nairobi, kisha Kinshasa. Atafika baada ya Noeli, labda wiki mbili baadaye, na kutoka Kinshasa kuna ndege za Kananga na za Lubumbashi. Mama Florentine ameniachia bureau peke yangu, na kalamu yake mwenyewe.

Nimemwandikia mama kwanza. Nimemwambia niko hai, sijaolewa, barua yake imekaa wiki saba kwa kosa langu, asimlaumu mtu mwingine. Nimemwambia Shekinah ramani yake haina kosa hata moja. Chini nilitaka kuandika anwani yangu, nyumba ya nne juu ya dispensari, dirisha la kijani. Nimeiacha. Nimeandika: nyuma ya mashine ya Lusenge. Jana nilikwenda kumwambia Falonne, pale kwenye sakafu yake ya makala, kwamba barua yoyote ya Mama Shekinah ni yangu. Amenishangaa. Watu wote wanajua mashine ilikuwa wapi, amesema, ningeandika kitu gani kingine.

Lakini barua hiyo itamkuta mama, haitamkuta mtoto. Nimehesabu kila namna: ikifika, Shekinah atakuwa amekwisha kupanda treni. Kwa hiyo nimeandika ya pili, kwa shemeji yangu Xavier. Sikumtukana. Nimemwambia mama wa mtoto yupo, anafundisha jiografia, kaburi la kaka yake linapaliliwa, na njia ikifunguka siku yoyote nitashuka Lubumbashi kumchukua binti yangu kwa mkono. Nimemwomba amsomee Shekinah sehemu ya mwisho, ambayo ni yake peke yake na siiandiki humu.

Nimefunga bahasha, nikabaki nimeishika kalamu. Anwani ya Xavier siijui. Nina maneno ya Ilunga tu, aliyoyasema akicheka, ya kitu alichokiona kabla hatujaoana. Papa Kasonia aliingia kuchukua mfuko. Nimemwuliza kama ningengoja nipate anwani ya kweli. Ameketi, amevua kofia yenye maji.

"Andika vile bwana yako alikuambiaka."

Basi nimeandika: "Lubumbashi. Shuka kwenye reli. Tangi la maji lililoinama. Nyumba ya tatu, mlango usio na kitasa." Sijui kama lile tangi lingali limeinama, ao limeanguka, ao askari wamelikata vipande. Naomba tu kwamba huko nako wawe na mzee mkaidi, anayelowa mvua, anayejua lilisimama wapi.